Kibana-Pumzi, Kifaa Adimu cha Bei Chee

Paukwa!

— Pakawa!

Hadithi yapiga honi, pii pii!

— Ipite, njia nyeupe!

Imebeba nini?

— Uongo mtamu!

Ushushwe wapi?

— Hapa hapa, tumetega masikio!

Basi sogeeni. Wewe uliyekalia mkeka wa mwenzio, inuka. Na nyie wenye malori mliojificha kule nyuma na mikono yenu ya grisi, msidhani sijawaona. Leo nawasema nyie, na radhi siombi.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana dizeli ilikuwa imeshafika, wanyama wote wa nyika walikuwa na malori. Mwenye pembe alikuwa na lori. Mwenye magamba alikuwa na lori. Hata asiyefika pedali alikuwa na lori, akikalia debe.

Na palikuwa na mlima mmoja ukiitwa Shuka-Usukume. Haukupewa jina hilo kwa mzaha. Chini ya mlima huo ndipo kilipokuwa kibanda cha chai cha Mama Mbuni, na kila Ijumaa baada ya alasiri madereva wote walikutana hapo. Hawakukutana kuzungumza mizigo, wala njia, wala wake zao. Walifungua maboneti wakajisifia spea.

Mmoja husimama na kusema, "Hii yangu ni adimu!"

Wote huitika, "Adimu kiasi gani?"

"Iko moja tu toka hapa mpaka baharini!"

"Na bei?"

"Bei chee!"

"Eeeeh!"

Sasa, jamani, kitu kikiwa adimu huwa ghali, na kikiwa rahisi huwa kimejaa sokoni. Mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Mwenye lori halijui. Mwenye lori huamini kwamba mahali fulani, chini ya lundo la vyuma, kuna kifaa ambacho dunia nzima haina, na mwenyewe anakitoa kwa bei ya karanga.

Tena walikuwa na sheria yao. Ukishajisifia kifaa mbele za watu, huwezi kukikana. Kikipasuka ni chako, kikiungua ni chako. Ukisema "nimedanganywa," unawaoshea wenzako matairi yote, ya mbele na ya nyuma, mpaka mvua zije. Na mwaka huo mvua zilikuwa zimewasahau.

Na nguvu ya lori waliipima kwa moshi. Moshi mweupe, huyo mgonjwa. Moshi wa kijivu, huyo anajitahidi. Moshi mweusi tii, huyo ndiye! Mama Mbuni, ambaye kila Ijumaa maandazi yake yaligeuka makaa, aliwauliza, "Nguvu gani hiyo inayoishia kwenye karai langu?" Nani amsikilize? Walikuwa wanatazama moshi.

Katika hao alikuwapo Kifaru. Lori lake lilikuwa la matairi kumi, na mbele limeandikwa PISHA NJIA. Kifaru hakununua spea. Kifaru aliazima. Aliazima honi ya Kanga, hakurudisha. Aliazima kioo cha Mzee Kobe, hakurudisha. Aliazima jeki ya Ngiri, hakurudisha. Ukimwuliza anakuelekezea pembe na kusema, "Kwani nimekila?" Utamjibu nini? Unasema hapana, Bwana Mkubwa, na unaondoka kinyumenyume.

Na alikuwapo Pimbi. Kimo chake kilikuwa kama cha buli la chai la Mama Mbuni. Lori lake lilikuwa kuukuu, limeandikwa POLEPOLE TUMO. Ukoo wake wote ulikaa juu kabisa ya mlima, kwenye majabali, na mwaka huo kisima cha huko juu kilikuwa kimekauka. Kila siku Pimbi aliteremka mtoni, akajaza mapipa manne, akapanda nayo. Lori lilipanda, likachoka. Ndugu zake wakashuka kusukuma. Likapanda, likachoka. Wakasukuma. Lilipofika juu nusu ya maji yameshamwagika njiani, na Shangazi yake mzee akipewa kikombe anaambiwa, "Onja tu, Shangazi, uwaachie wengine."

Basi siku moja Pimbi akaenda kwa Nungunungu, mwuza vyuma chakavu, akamchambulia misumari siku tatu mfululizo. Chini kabisa ya lundo akakuta tabo. Wasioijua, tabo ni kile kikonokono cha chuma kinachoisukumia injini hewa ikapata nguvu. Nungunungu hakuijua, alikuwa akiwekea chumvi. Akamwambia, "Chukua, ujira wako huo."

Pimbi akaifunga. Lori likaimba chwiiiii! Likaupanda mlima bila kupumzika, mapipa manne pomoni, hakuna aliyeshuka, hakuna aliyesukuma. Shangazi akanywa vikombe viwili, akajifuta mdomo, akalia kwa furaha. Pimbi akamtazama, naye akalia.

Ijumaa ikafika. Pimbi akajiapiza kwamba atakunywa chai, atanyamaza, atarudi kwake. Akanywa chai. Akanyamaza. Mara Ngiri akasimama, eti amepata kirungu cha gia chenye ua ndani.

"Hii yangu ni adimu!"

"Adimu kiasi gani?"

Kifua cha Pimbi kikaanza kuwasha. Kirungu cha gia? Chenye ua? Nanyi mnaitika? Akaishika meza. Akaing'ata kanga yake. Wapi! Mdomo uliponza kichwa.

"Kirungu si kitu! Njooni muone yangu!"

Akafungua boneti. Watu wakachungulia. Kisha kikasikika kikombe kikiwekwa mezani, to!

"Pimbi," akasema Kifaru.

"Labeka, Bwana Mkubwa."

"Kesho asubuhi nitapita kwako. Nataka kuazima hicho kikonokono."

Pimbi akafunga boneti. Akapanda mlima kurudi kwake, na lori lilikuwa linaimba chwiiii, lakini yeye hakulisikia.

Asubuhi akakaa nje na vyombo vyake, anasugua na kuwaza. Nikiifungua tabo niifiche, ataivunja nyumba aitafute. Nikikimbia nayo, nani atawaletea hawa maji? Shangazi akaja akakaa karibu yake.

"Mpe tu, mwanangu. Afadhali kiu kuliko pembe."

"Shangazi, mlikuwa mnaonja. Mnarudi kuonja?"

"Tumeshazoea."

Neno hilo, tumeshazoea, lilimkasirisha Pimbi kuliko pembe yenyewe. Alikasirika mpaka sufuria aliyokuwa anaisugua ikamponyoka mkononi. Ilikuwa sufuria ya marehemu bibi yake, imetoboka kitundu kitakoni, masizi yake hayatoki hata ukiisugua kwa mchanga. Ikabingirika, ngwala ngwala ngwala, ikagonga lori na kutulia kifudifudi. Pimbi akaiokota. Akautazama mdomo wa injini, pale lori linapovutia hewa. Akaitazama sufuria. Akaipachika kujaribu. Ikakaa kama kofia kichwani.

Akacheka, kwi kwi kwi! Shangazi akadhani mtoto amepata wazimu.

Tih! Tih! Tih! Kifaru huyo anakuja. Alikuwa ameliacha lori lake uwanjani chini ya mlima, anapanda kwa miguu, na ardhi inatikisika.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa!"

"Marahaba. Kiko wapi?"

"Ndiyo nilikuwa nakufungulia." Na kweli Pimbi alikuwa na spana mkono mmoja, anahangaika na nati ya tabo. Kwapani alikuwa amebana kitu kilichofungwa kanga mbili. "Chukua, baba, chukua uende zako haraka. Jua lisije likakuumiza."

Kifaru akasita. Tangu azaliwe hakuwahi kuambiwa chukua. Akakunja uso.

"Hicho cha kwapani ni nini?"

"Kipi?"

"Hicho."

"Hiki? Hiki si kitu."

"Si kitu mbona umekifunga kanga mbili?"

"Kikiona baridi je?"

"Baridi ya wapi, jua la saa nne hili? Fungua!"

Pimbi akafungua ncha ya kanga, kidogo tu. Weusi ukaonekana. Akaifunika upesi.

"Kinaitwaje?"

Pimbi akageuka kulia, akageuka kushoto, akanong'ona. "Kibana-pumzi."

"Kinafanya nini?"

"Kinabana pumzi."

"Pumzi ikishabanwa?"

"Lori linatoa moshi."

"Moshi gani?"

"Mweusi."

"Mweusi kiasi gani?"

"Bwana Mkubwa, umekiona chenyewe kilivyo."

Kifaru akameza mate, gudu! Angalieni vizuri hapo, jamani. Mpaka sasa Pimbi amesema uongo wapi? Kila neno ni kweli tupu.

"Na hiki kikonokono, chenyewe kinatoa moshi?"

Pimbi akainamisha uso kwa aibu. "Hicho? Hata wa kufukuzia mbu hakitoi. Tangu nikifunge lori langu halitoi moshi kabisa. Nikipita mbele za watu najifunika kanga."

"Na hivi vibana-pumzi viko vingapi?"

"Chenye kitundu ni hiki tu. Aliyekitoboa ameshakufa."

Kweli tena. Bibi mwenyewe, Mungu amrehemu, alikitoboa siku ile alipokwenda kwenye harusi akasahau maharage motoni.

"Basi kikonokono sikitaki," akasema Kifaru. "Naazima hicho."

Hapo sasa, nakiri, Pimbi alidanganya kidogo. "Hakiazimwi, Bwana Mkubwa. Kikiazimwa kinanuna. Hata cheche hakitoi. Lazima kinunuliwe."

"Bei?"

"Matairi manne."

"Manne! Unaniona mjinga?"

"Basi mawili."

"Thubutu!" Kifaru akafikiri, na alipofikiri masikio yalimcheza. Akalikumbuka lori lake, na vyuma vyote vilivyoning'inia humo. "Sikiliza. Nina honi inanipigia kelele. Nina kioo, na mimi nyuma sitazami. Nina jeki, na lori langu nainua kwa pembe. Nitakupa takataka hizo."

Pimbi akajitupa chini. "Uuuwi! Shangazi, njoo uone naibiwa mchana kweupe! Kibana-pumzi cha ukoo kwa honi ya Kanga! Kwa kioo cha Kobe! Kwa jeki ya Ngiri!"

Shangazi hakujua lolote. Alipoona sufuria ya mama yake inataka kuondoka alilia kilio cha kweli, kilio cha msiba, mpaka majirani wakatoka mashimoni na vyetezo vya ubani. Kifaru kusikia kilio kile akavimba kwa furaha. Mtu haliliwi hivyo kwa kitu kibovu.

"Unataka, hutaki?"

"Unanionea, Bwana Mkubwa, kwa sababu mimi mnyonge. Haya, lete."

Akashuka naye mpaka uwanjani. Kifaru akang'oa kwa mkono wake mwenyewe: honi, kwach! Kioo, kwach! Jeki, ngwa! Pimbi akapachika sufuria kwenye mdomo wa hewa, akaifunga waya mara tisa.

"Lori likikohoa usikifungue. Ndiyo kinazoea."

"Nafahamu," akasema Kifaru. Hawa wenye malori, jambo wasilolifahamu halijazaliwa.

Hakuweza kungoja Ijumaa ifike. Akaenda kibandani kwa Mama Mbuni akitaka kupiga honi, honi hana, akapiga kwa mdomo. "Pii! Pii! Njooni wote!" Wakaja wote. Akapanda juu ya boneti.

"Hii yangu ni adimu!"

"Adimu kiasi gani?"

"Iko moja tu toka hapa mpaka baharini, na fundi wake amekufa!"

"Na bei?"

"Bei chee! Nimempa mtu takataka zangu, akalia!"

"Eeeeh!"

Akawasha lori. Gu! Gu! Gu! Injini inataka hewa, hewa imezuiwa na sufuria, inapita kwenye kitundu cha harusi tu. Dizeli inaingia, haina wa kuichoma. Basi ukatoka moshi! Puh! Puh! Puuuuh! Mweusi tii! Mchana ukawa magharibi. Kuku wa Mama Mbuni wakapanda kulala. Madereva wakakohoa, machozi yakawatoka, na bado wanapiga makofi.

"Huyo ndiye!" wakapiga kelele. "Huyo ndiye!"

"Mmeona?" akasema Kifaru kutoka ndani ya giza. "Sasa naupanda Shuka-Usukume, mnitazame."

Akaingiza gia ya kwanza. Lori likaenda. Gu… gu… gu… puh! Likafika kona ya kwanza likipumua kama mgonjwa wa pumu. Gu… puh! Gu… puh! Moshi unazidi, mwendo unapungua. Mzee Kobe alikuwa ameitwa na Pimbi akachukue kioo chake, anapanda mlima kwa miguu, miguu ile ile mnayoijua. Akamfikia Kifaru. Akatembea naye sambamba.

"Hujambo, Bwana Mkubwa. Limekuharibikia?"

"Limeharibika nini! Huoni moshi?"

"Nauona, mwanangu. Ninachotafuta ni mwendo."

"Huna ujualo kuhusu malori, mzee."

"Ni kweli," akasema Kobe, "basi mimi natangulia." Akampita.

Nyuma yake ikasikika sauti nyembamba, chwiiiii! POLEPOLE TUMO hiyo, mapipa manne pomoni, Pimbi amekalia debe lake, kimya, macho mbele. Alipopita ubavuni mwa PISHA NJIA, Kifaru alikuwa amefumba macho kwa raha, anasikiliza injini yake ikikohoa. Pimbi akapita. Juu ya mlima Shangazi alikuwa amesimama na kikombe, na siku hiyo hakuna aliyeambiwa onja.

Kwenye kona ya pili lori la Kifaru likasema "kho!" likanyamaza. Ikabidi ashuke. Ikabidi asukume. Madereva wakapanda mpaka pale alipo, wakamzunguka, wanamtazama. Kifaru jasho linamtoka hadi kwenye pembe. Akakumbuka sheria. Akakumbuka matairi ya wenzake, ya mbele na ya nyuma.

"Vipi, Bwana Mkubwa?" akauliza Ngiri. "Kifaa kimekataa?"

"Kikatae?" akafoka Kifaru. "Nguvu imezidi! Mlima ndio mbovu!"

Wakaangaliana. Wakautazama mlima. Kwa kweli ulikuwa na mawe mawe.

"Eeeeh!" wakaitika. "Mlima mbovu huu!"

Wiki ikapita. Jumamosi moja Pimbi alikuwa anapaka grisi, lori linanguruma, mara akasikia tih… tih… tih… polepole, kwa kunyata, kama kifaru anavyoweza kunyata. Amegundua, akasema, leo ndiyo leo. Akasimama mbele ya boneti yake, spana mkononi, mtu wa kimo cha buli. Alikuwa anaogopa mpaka meno yanagongana, lakini hakusogea.

Kifaru akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama mpaka pembe ikagusa vumbi.

"Pimbi," akanong'ona, "una kingine?"

"Kingine… nini, Bwana Mkubwa?"

"Kibana-pumzi. Kimoja kimenipa moshi wote ule. Hebu fikiri, viwili!"

Pimbi akashusha spana. Akaingia jikoni, akatoka na kitu kimefungwa kanga tatu.

"Kipo. Lakini hiki hakina hata kitundu."

"Hakina kitundu!" Kifaru akashika kifua. "Bei?"

"Mapipa yako manane ya maji."

"Manne!"

"Unaniua, Bwana Mkubwa. Haya, lete manne."

Kifaru akakikumbatia kifaa chake. Alipokuwa anaondoka, akageuka, akalitazama lori dogo la Pimbi linalonguruma bila moshi hata wa kufukuzia mbu, na ile tabo yake inaimba humo ndani. Huruma ikamshika. Ndiyo, hata yeye ana huruma. Akampiga Pimbi begani kwa upole.

"Usijali, binti yangu," akasema. "Iko siku na wewe utatoa moshi."

"Amina, Bwana Mkubwa," akasema Pimbi.

Sasa funzo, maana najua mama zenu watawauliza. Funzo la ngano hii ni kwamba mkubwa akitaka chako mpe mara moja, kwa adabu, bila ujanja ujanja. Msije mkawa kama Pimbi. Angalieni alivyoangamia: mapipa yamekuwa manane, ukoo mzima unakunywa mpaka unacheua, na sufuria mbili za familia zimepotea, hasara tupu. Tena mjue kwamba uongo haufai, ndiyo maana Pimbi alisema mmoja tu.

Hadithi imezima injini hapo. Ikiwa tamu, mkawasimulie wa kwenu. Ikiwa chungu, semeni mmeisikia kwa jirani.